Mwimbaji wa Sutton Coldfield

Small Heath, Birmingham
10 Oktoba 2023

Kwa mama yangu mdogo mpenzi, Bi Mwanasiti,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Sisi huku wazima, mume wangu Amour anakusalimia, baridi ndiyo kwanza inaanza kutuonjesha. Khabari za koo? Mama kaniambia sasa hata kunong'ona kunakutaabisha. Najua simu haikufai tena, ndiyo maana nakuandikia, nawe unijibu kwa barua pepe hivi hivi, hata mistari miwili.

Nimepata kazi, alhamdulillah. Ni ya kusafisha nyumba za watu. Jumanne na Ijumaa napelekwa Sutton Coldfield, kwa wenye nafasi zao. Nachukua basi mpaka mjini, kisha treni. Nyumba yenyewe kubwa na mapazia hayafunguliwi. Mlango hufunguliwa na mwanamke wa Kichina, Madamu Qiu. Simu yangu naiacha kwenye sanduku mlangoni, na chumba cha mwisho juu nisikiguse.

Sasa kaa kitako, mama mdogo. Leo nilikuwa napangusa ngazi, nikainua macho, nikamwona mwenye nyumba kasimama juu, miguu mitupu, sweta la kijivu. Ni Wen Ruolan. Yule yule wa tamthilia ya Binti wa Mfinyanzi, ambaye Unguja nzima tulikuwa tunakimbilia nyumbani baada ya magharibi kumtazama, akiongea kwa sauti yako. Kakonda, lakini ni yeye. Nilimwamkia kwa Kiswahili bila kufikiri. Akasimama akinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Madamu Qiu aliniuliza namjuaje. Kwa fahari nikamwambia mama yangu mdogo ndiye aliyemwingizia sauti. Akaniuliza jina lako, nikamtajia, akaliandika.

Mwanao,
Maisara


Kikwajuni, Unguja
16 Oktoba 2023

Mwanangu Maisara,

Marahaba, waalaykum salaam. Nashukuru mko wazima. Mimi hali ni ile ile. Nikifungua mdomo hutoka mkwaruzo kama wa mtu anayesugua sufuria. Hata paka simwiti tena, nampigia makofi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Watu wanaomwona Ruolan kwenye runinga hudhani kazaliwa kavishwa hariri. Baba yake alikuwa akiendesha kivuko mtoni, mama yake alifariki mapema. Akiwa na miaka kumi na tatu aliimba kwenye harusi ya jirani, akasikiwa na mtu wa kampuni ya muziki. Baba akatia saini karatasi ambazo hakuzielewa. Alipofika kumi na saba hapakuwa na duka kule ambalo halikupiga nyimbo zake. Zikafuata filamu, kisha tamthilia, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Miaka miwili nilikaa Beijing katika chumba kisicho na dirisha, nikiutazama mdomo wake na kuutilia maneno yetu. Nilijua pumzi yake kuliko ya marehemu mume wangu. Siku aliyoigiza akiwa na homa niliijua. Siku aliyocheka huku moyo unalia, niliijua pia, nami nikacheka hivyo hivyo.

Alikuja studio mara moja tu, kutushukuru. Nyuma yake alikuwa mwanamke aliyepewa kazi ya kumlinda, na hakumwacha hata alipokwenda msalani. Maisara, nijibu upesi: huyo anayekufungulia mlango ana kovu la moto mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani kwenda juu? Kama analo, iache kazi hiyo. Na jina langu usilitaje tena nyumbani humo.

Mama yako mdogo,
Mwanasiti


Small Heath
28 Novemba 2023

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Twaendelea vizuri kwa afya, ila Amour kashikwa na mafua. Wewe je, zile dawa mpya zimekupa nafuu?

Kovu lipo. Nami sikuacha kazi. Ningekudanganya kama ningesema ni kwa sababu ya shida. Ukweli ni kwamba nashindwa kumwacha peke yake.

Kile chumba cha mwisho nimekiona. Madamu Qiu alimwaga chai humo, akaniita nifute. Kuta zimezibwa kwa magodoro meusi, katikati kuna maikrofoni na kiti. Ruolan hukalishwa hapo tangu asubuhi akisoma maneno kwenye karatasi. Haimbi. Anasoma tu, kisha anacheka, kisha analia, kisha anavuta pumzi, kila kitu mara kumi, mara ishirini. Wakati nafuta chai alikuwa analia kwa maikrofoni, na alipomaliza alipangusa uso akaanza tena.

Ijumaa iliyopita Madamu Qiu alikuwa bustanini na simu, tukapata dakika chache jikoni. Kiingereza chake kidogo kama changu nilipofika. Aliniuliza kama nimesikia wimbo wake mpya. Nikamwambia ndiyo, binti wa jirani yangu Batula anaupiga kutwa, na ni mzuri sana. Akatikisa kichwa. Aliniambia hajaimba huu ni mwaka wa pili. Alikuwa ameshakataa kuimba, akataka mkataba uvunjwe, kampuni ikamleta Uingereza huku ikiwaambia mashabiki anapumzika Ulaya. Kompyuta imefundishwa sauti yake, nayo inaimba vile wanavyotaka. Filamu mpya pia inatengenezwa, na sura yake imo.

Nilimuuliza kwa nini basi bado wanamrikodi. Akasema wamebakiwa na mambo machache tu ambayo mashine haijayajua.

Mwanao,
Maisara


Kikwajuni
12 Desemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Mpe pole Amour, achemshe tangawizi na ndimu. Dawa mpya zimenipa usingizi tu, sauti hazijanipa.

Nina jambo la kukwambia. Juzi baada ya isha jirani zangu walikuja na sahani ya visheti kunipongeza. Nikawaashiria, kwani kuna nini? Wakasema: umerudi kazini, tumekusikia. Wakaiwasha runinga.

Tamthilia mpya, Maisara, haina hata wiki mbili. Ruolan ni mke wa daktari. Anazungumza Kiswahili, na sauti ni yangu, ile ya miaka sita nyuma, safi. Sikuwahi kuyasema maneno yale. Nilijisikia nikimgombeza mtoto ambaye sijawahi kumgombeza. Nikajisikia nikicheka, na kicheko kile hakikuwahi kutoka kwangu, lakini mama yako mzazi angeapa ni mimi. Na mimi mwenyewe nimekaa pale na karatasi na kalamu, siwezi kumwambia mtu karibu.

Nimezitoa karatasi za mkataba wa Beijing. Ziko kwa Kichina na Kiingereza. Nilipeleka kwa mwalimu wa skuli, akanisomea: sauti yangu ni mali yao kwa njia yoyote iliyopo na itakayokuja kuwapo.

Jirani hawaamini. Wanadhani najificha, naringa.

Mama yako mdogo,
Mwanasiti


Small Heath
6 Februari 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumai hujambo kuliko nilivyokuacha. Mimi afya ninayo, raha sina.

Leo Madamu Qiu alinituma nitoe takataka za chumbani kwake. Juu ya meza palikuwa na karatasi nene nyeupe yenye picha ya Ruolan, na picha imezungushiwa ukingo mweusi. Kichina sikijui, ila tarakimu nilizisoma: tarehe 18 Machi mwaka huu. Mwezi na ushei mbele.

Nilimfuata Ruolan msalani nikijidai nasafisha beseni, nikamwambia nilichokiona. Hakushtuka. Alifungua maji yatiririke, akaniambia hilo ni tangazo la msiba wake. Kashaliona. Ugonjwa wa ghafla, mazishi ya faragha, kisha albamu ya mwisho. "Wakinililia, watanunua," alisema. "Na mashine haizeeki, haikatai, haitaki kumwona baba yake."

Nilimuuliza watamfanya nini siku hiyo. Akasema hilo halikuandikwa kwenye tangazo.

Pasi yake anayo Madamu Qiu. Milango ina kamera. Baba yake yuko kwenye nyumba ya wazee inayolipiwa na kampuni, na kwa miaka miwili kila akiomba kuzungumza naye huambiwa mzee kalala. Ndicho wanachomfungia. Nilimwambia nitakwenda polisi, akanishika mikono yote miwili akaniomba nisiende. Wakija atashuka na kutabasamu, na wataondoka, kwa kuwa kuigiza ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote, na kwa ajili ya baba yake ataigiza.

Amour anasema tusijitie mambo ya wakubwa. Nimemweleza pia Bi Raksha wa Acocks Green, yule mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye namsafishia Jumatano. Alifanya kazi kwa wanasheria miaka thelathini. Yeye anasema, "Huyo mtu atoke kwanza kwa hiyo nyumba. Akishatoka, alale kwangu, polisi tutaenda pamoja." Sijui nimsikilize nani. Nipe shauri.

Mwanao,
Maisara


Kikwajuni
8 Februari 2024

Maisara mwanangu,

Marahaba. Umeniomba shauri, kwanza pokea aibu yangu, kisha uamue kama linafaa.

Siku ile Ruolan alipokuja studio Beijing, alinikumbatia mbele ya watu wote, na alipokuwa ananikumbatia alinitia bahasha mfukoni. Nje iliandikwa anwani ya baba yake. Alinong'ona neno moja la Kiingereza: posta. Alinichagua mimi, mgeni, kwa vile nilikuwa natoka na kuingia bila kupekuliwa.

Nilikaa na bahasha ile siku mbili. Niliufikiria mkataba wangu, nyumba niliyokuwa naijenga, wadogo zangu niliokuwa nawasomesha. Siku ya tatu nilimpa yule mwenye kovu. Nikajiambia ni mambo yao ya ndani.

Ruolan hakuonekana kwenye runinga miezi minne. Aliporudi, nikaingia chumbani kumtilia sauti, nikaona kwamba akicheka sasa macho yake hayachezi kabisa. Nami nikapongezwa, nikaongezewa mwaka. Hilo sijamwambia mtu.

Mtoe. Msikilize huyo mama wa Kisumu. Amour ana haki ya kuogopa, mimi pia niliogopa, na unaona woga wangu ulikofika. Ukitaka kumwambia Ruolan niliyomfanyia, mwambie. Ukiona ni mzigo mwengine tu, unyamazie.

Wiki ya mwisho ya mwezi huu nakwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa koo. Daktari anasema huenda sauti ikarudi, huenda isirudi. Nitakuwa mbali na kompyuta kwa muda. Usidhani nimekususa.

Mama yako mdogo,
Mwanasiti


Small Heath
6 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole na kisu. Mama anasema upasuaji umekwisha salama na kwamba bado umelazwa. Utaisoma ukitoka.

Katoka. Jana Madamu Qiu alikwenda uwanja wa ndege kumpokea mkubwa wao. Mlangoni alibaki kijana mmoja akitazama kamera. Kabla Madamu Qiu hajatia mguu barabarani, Ruolan alikuwa ameshavaa koti langu la kazi, buibui na hijabu yangu, na barakoa ninayovaa nikitumia dawa za kusafishia. Alishika ndoo, akashuka ngazi kwa mwendo wangu. Mama mdogo, sikujua kama natembea hivyo, na bega moja chini. Akachukua simu yangu kwenye sanduku, akafungua mlango, akatoka. Mimi nilitokea dirisha la kufulia nguo, nikapita bustani ya jirani, nikamkuta stesheni.

Tulipanda treni mpaka mjini. Tulishuka, tukatembea hadi stesheni nyengine, tukapanda ya Acocks Green. Bi Raksha alikuwa ameshapika khichdi, ule wali wao wa dengu. Ruolan alikula sahani mbili, akalala kwenye kochi na viatu.

Asubuhi tulikwenda polisi sote watatu. Walitusikiliza vizuri, wakaandika kila kitu, wakampa namba ya kupiga akihisi hatari. Baba yake yuko China, huko mkono wao haufiki kirahisi, lakini wataulizia.

Ile habari ya bahasha nilimwambia jana usiku. Akauliza sasa una hali gani, nikamwambia huna sauti. Akasema nikusalimie.

Mwanao,
Maisara


Small Heath
22 Machi 2024

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Leo naandika kwa furaha na huzuni, sijui nianze na ipi.

Nianze na huzuni. Tarehe 18 walilitoa tangazo vile vile, kama kwamba hakutoka. Wen Ruolan amefariki dunia, miaka thelathini na nne. Tulikuwa jikoni kwa Bi Raksha, yeye akimenya njegere, na simu ikaimba wimbo wake mpya wa kuaga, kwa sauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ubeti wa pili angeuimba polepole zaidi.

Bi Raksha alimrikodi video papo hapo: mimi niko hai, leo ni tarehe fulani, nipo Uingereza. Akaimba kidogo. Tukaituma kila mahali. Watu milioni waliiona, na wote waliiandikia matusi. Wanasema ni kompyuta. Wanasema hata pumzi hazifanani, mashine imekosea, na tuone haya kumchezea marehemu. Mashabiki waliompenda tangu utoto ndio waliotukana zaidi. Tangu hapo Ruolan anashinda dirishani.

Sasa furaha. Jana kabla ya futari uliponipigia simu nililia mpaka sambusa zikaungua. Sauti yako, mama mdogo, nzima, kama zamani! Alhamdulillah kwa daktari wa Dar. Samahani kwamba mtandao ulikuwa mbaya na hatukuzungumza zaidi. Ile anwani ya Bi Raksha uliyoniomba ili umpelekee Ruolan barua ya kumtaka radhi, natumai uliiandika sawa. Kama hukuisikia vizuri, niambie nikuandikie tena.

Mwanao,
Maisara


Dar es Salaam
22 Machi 2024, saa nane mchana

Maisara,

Sikukupigia. Upasuaji umeniacha kimya kabisa, sitasema tena mpaka nazikwa. Naandika kutoka simu ya muuguzi.

Mtoe kwa Raksha sasa hivi. Waite polisi, usingoje kuimaliza barua hii.

Na nikikupigia, mwanangu, usipokee.

Mama yako mdogo


Small Heath
2 Aprili 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi hali yako, nami nishajua. Pole sana.

Barua yako niliisoma ndani ya basi la Coventry Road, natoka kazini. Niliwapigia polisi, nikampigia Bi Raksha, hakupokea. Nilipofika, gari la polisi lilikuwa pale tangu muda mfupi. Bi Raksha alikuwa amekaa kwenye ngazi, hana jeraha. Ruolan hayupo. Polisi wanamtafuta mpaka leo. Ile nyumba ya Sutton Coldfield ni tupu, mapazia yametolewa, kuna fundi anapaka rangi. Albamu ya mwisho imetoka jana.

Bi Raksha alikataa kunieleza mimi. Aliwaambia polisi tu. Hii leo ndiyo kanikalisha akaniambia, kwa sababu nilikuwa sili wala silali, nikijua ni mimi niliyeitoa ile anwani.

Madamu Qiu alikuja peke yake. Hakusukuma mlango, hakupaza sauti. Alisimama nje akanyoosha mkono wenye simu, kaiweka spika. Ikatoka sauti ya mzee, anakohoa, anaita jina moja fupi tena na tena, jina la utotoni. Ruolan alikuja kutoka dirishani. Aliuliza kitu kwa Kichina, mzee akajibu. Akauliza kingine, mzee akajibu, akacheka kidogo, akakohoa.

Bi Raksha alisimama katikati ya mlango. Alimshika Ruolan mkono akamwambia, "Hiyo ni mashine, mama. Unajua ni mashine. Usiende."

Ruolan alimwambia ndiyo, anajua wanaweza. Yeye anajua kuliko mtu yeyote. Alichukua koti lake kwenye msumari, akavaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba zote mbili. Kisha akamwambia:

"Huenda si yeye. Lakini je, kama ni yeye?"

Mwanao,
Maisara